Sala Iliyozima Mfumo

Seva ya kiwanda cha samaki pale Nyakato hairuhusiwi kugusa intaneti. Kila programu ambayo mfumo niliowatengenezea unaitegemea nilitakiwa kuipakua nyumbani, niibebe kwenye flashi, niisakinishe mwenyewe. Mimi, mvivu mwenye cheti, nikaiunganisha seva na simu yangu kimyakimya, mfumo ukawa unavuta mahitaji yake mtandaoni kila unapofunguliwa. Nikamwambia meneja, Mama Neema, kwamba nimemaliza.

Siku ya uzinduzi mchungaji akatuomba tuzime simu, tusali. Nikazima, tena kwa unyenyekevu.

Baada ya amina, Mama Neema akaufungua mfumo mbele ya wafanyakazi wote. Skrini ikaandika: “Mtandao wa Simu ya Masanja haupatikani.”

Akanigeukia taratibu.

“Masanja mwanangu, kumbe mfumo wetu ulikuwa mfukoni mwako?”