Rehani ya Mjane wa Mapanga Saba

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa, sisi wachora mabango wa Mwanza tulineemeka. Kila aliyekuwa na mizani na lori la kukodi alitaka jina lake liandikwe kwa herufi kubwa kuliko za jirani yake. Mmoja wa wateja hao, karani wa kampuni ya pamba, ndiye aliyenitoa nyumbani. Alikuja kuchukua kibao chake, akasimama kuutazama ukuta wa ndani wa duka langu, akasahau kilichomleta.

Ukuta ule ulikuwa wa mabango ya sinema. Nilikuwa nimeyakusanya tangu majumba ya sinema yalipoanza kufa, video zilipoingia na kila mwenye televisheni akageuza sebule yake kuwa ukumbi. Sikukusanya mabango ya picha za heshima. Yangu yalikuwa ya zile picha ambazo wazazi walituchapa kwa kuziangalia: wauaji wenye vitambaa usoni, wanawake wenye nyoka shingoni, makomando vifua wazi wanaotoka motoni bila kuungua nywele. Mke wangu aliyaita matambara ya mashetani, na kila wageni wa kanisani walipokuja alinitaka niyafunike kwa shuka.

"Hilo la mwanamke mwenye mapanga umeliweka wapi?" karani aliuliza.

"Mwanamke gani?"

"Mapanga saba, kwenye kitambaa kikubwa. Nimeliona Bariadi, kwenye ngoma. Nikadhani watu kama wewe mnayo yote."

Nilikaa chini. Bango hilo nililijua, maana niliishika ndoo ya rangi lilipochorwa. Miaka ya dhiki, mabango ya karatasi kutoka nje yalipoadimika, mwenye sinema alimpa fundi wangu, Fundi Kasimu, vitambaa vya marekani ayachore upya kwa mkono. Fundi aliiangalia picha mara moja, akarudi karakana akachora alichokumbuka na alichotamani. Kwenye picha ile mwanamke huyo, mjane anayelipiza kisasi, alikuwa na mapanga mawili tu. Matano aliyaongeza Fundi, na damu pia. Sasa Fundi alikuwa ameshafariki, na jumba lilipogeuzwa ghala, vitambaa vyake vilitumiwa kufunikia mifuko ya saruji hadi vikaoza. Mimi niliyefundishwa naye kushika brashi sikuwa na hata kipande kimoja cha mkono wake. Wiki ile ile nikafunga duka.

Asubuhi ya kuondoka nilichukua basi la Musoma. Njia ya Magu ilikuwa kavu, mashamba yameshavunwa, na kila kituo kilikuwa na malundo ya pamba yakingoja lori. Niliteremka Lamadi jua likiwa bado halijawa kali. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa waliotandazwa mchangani, nami nikangoja gari la kwenda Bariadi pamoja na mama mmoja mchuuzi wa samaki, mwenye matenga manne na sauti ya kuuza sokoni.

"Unaenda kununua pamba?" aliniuliza.

"Naenda kutafuta nguo iliyochorwa mwanamke."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Na mkeo anajua?"

Gari lilikuwa Land Rover kuukuu, mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Matenga yalipanda kwanza, sisi tukafuata. Kutoka Lamadi hadi Dutwa sikuona kitu kwa vumbi. Mama wa samaki alijifunika khanga usoni akasinzia raha mustarehe. Mimi nilifika Bariadi mwekundu kichwa hadi mguu.

Bariadi ya siku hizo ilihesabiwa mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Mji ulikuwa barabara moja pana yenye maduka pande zote mbili, lakini ulikuwa umechangamka. Redio za kaseti zilipigwa kwa nguvu, mitumba ilining'inizwa hadi kwenye miti, na baiskeli mpya zilipita zikiwa bado zimefungwa karatasi za dukani. Niliuliza habari za mwanamke wa mapanga, na mtu wa kwanza kabisa akanielekeza: "Unamtaka Mjane. Fuata njia ya kisima, utaona nyumba yenye ng'ombe wawili weupe."

Jioni nilifika kwenye nyumba hiyo. Mwanamke wa makamo, mrefu, alikuwa akianua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha mjini.

"Mwadila, baba. Karibu. Umetoka mbali, vumbi linasema."

Jina lake lilikuwa Mama Minza, naye alikuwa kiongozi wa nyimbo wa kundi la ngoma la Bagika. Mumewe, Mzee Luhende, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitengeneza mpini wa jembe. Nilipotaja jina la Mjane alicheka kwa uchungu.

"Mimi nakula ugali hapa kila siku, na mke wangu anaitwa Mjane," alisema. "Unajua mimi wananiitaje? Marehemu. Nikienda kilabuni: Marehemu, karibu ukae."

Walinipa maji ya kunawa, maziwa ya mgando na ugali wa mtama, ndipo Mama Minza akanieleza nguo ilivyofika kwake. Msimu mmoja wa pamba, gari la sinema lilitoka Mwanza likaja kuonyesha picha uwanjani. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya Maswa. Mjane alipopanda juu ya ukuta wa adui, panga mkononi, jenereta likazimika. Fundi wa gari alihangaika nalo hadi akakata tamaa. Watu walikuwa wamelipa, na hawakuona mwisho. Walilizunguka gari, wakakubaliana na mwenye gari kama wanavyokubaliana watu wazima: aache rehani, aende akatengeneze mtambo, arudi na kipande kilichobaki, achukue rehani yake. Akaacha lile bango la kitambaa. Hakurudi.

"Basi nikautunga mwisho mwenyewe," Mama Minza alisema. "Aliruka ukuta, akawamaliza, akarudi kwao kulima. Nimeuimba wimbo huo miaka yote. Watu wameuacha upande wa Bagalu wakaja kwetu kwa ajili yake."

Kwa msomaji asiyejua ngoma za Wasukuma: makundi hayo mawili, Bagika na Bagalu, hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakuna mwamuzi wala alama. Watu wanatembea kwa miguu yao kwenda kwenye ngoma tamu zaidi, na kundi lililobaki na uwanja mtupu ndilo lililoshindwa, litaimbwa kwa kejeli mwaka mzima.

"Mwaka huu Bagalu wana kijana aliyewahi kukaa Mwanza," aliendelea. "Amesema Mjane wetu alikufa. Wametunga wimbo tayari, kwamba tunacheza na maiti. Shindano ni kesho kutwa." Aliweka ungo chini. "Wewe umeiona picha hiyo?"

"Nimeiona."

"Yote?"

"Yote. Nilikaa na aliyechora nguo yako."

Mzee Luhende aliacha kukwangua mpini.

"Basi wewe ndiwe umeleta kipande chetu," alisema Mama Minza. "Niambie kweli. Ukishaniambia, deni limekwisha, nguo ni yako. Alikufa, au hakufa?"

Sitaficha kwamba nilitamani kudanganya. Nilijua alichotaka kusikia, na nilijua kijana wa Bagalu angesema nini mbele ya uwanja mzima. Lakini mama huyu alikuwa amengoja miaka yote hiyo, na alikuwa ameniuliza kwa adabu. Nikamwambia. Mjane aliruka ukuta kweli, akawamaliza wote waliomuua mumewe. Halafu akaweka mapanga chini, akaenda kukaa kaburini kwa mume wake. Hapo ndipo alipopigwa mshale wa mgongo, na mtoto wa mmoja wa wale aliowaua.

Mama Minza aliuinamia ungo wake wa michembe. Mume wake ndiye aliyetangulia kusema.

"Afadhali," alisema. "Labda sasa nitaacha kuwa marehemu."

"Nyamaza, Luhende," mke wake alimwambia. Aliingia ndani, akatoka na nguo imekunjwa, akaniwekea mapajani. "Wabeja, asante, baba. Deni limelipwa. Niachie hadi shindano liishe, kisha uchukue mali yako."

Siku ya shindano uwanja ulijaa mapema. Bagika walifika na majembe yao ya kurusha hewani wakicheza, nguo ya Fundi Kasimu ikiwa imetundikwa kwenye miti miwili mirefu. Niliitazama mchana kweupe kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Jua lilikuwa limekula wekundu wa damu ukawa kahawia, lakini macho ya mjane yalikuwa hai, na vidole vyake vilikuwa vya Fundi kabisa, virefu kupita kiasi. Hakuwahi kujua kuchora vidole, Mungu amrehemu. Niliona fahari, na niliona tamaa, na sikutofautisha.

Bagalu hawakuja mikono mitupu. Mnunuzi mmoja wa pamba, akitafuta wakulima wa kumuuzia, alikuwa amewaletea televisheni, mtambo wa video na jenereta jipya. Ngoma ilipoanza tu, wakawasha. Watoto walikimbia kwanza, halafu vijana, halafu hata wazee walijikokota wakijifanya wanafuata wajukuu. Na juu ya sauti ya jenereta Bagalu wakaimba wimbo wao: mnacheza na maiti, mnacheza na maiti, nendeni mkazike. Upande wetu walibaki ndugu, mimi, na mama wa samaki niliyesafiri naye, ambaye sijui alifikaje pale uwanjani.

Mama Minza aliinua mkono, ngoma zikanyamaza. Wachezaji walishangaa. Alisogea chini ya nguo, akavua shanga zake za kichwani, akaimba bila ngoma, polepole, kwa Kisukuma. Nilichoelewa ni hiki:

Wamesema kweli majirani zetu, amekufa.
Saba aliyashika, saba aliyaweka chini.
Alirudi kwa mumewe, akamkuta amelala,
akasema nami nimechoka, nisogezee.

Halafu akapiga kilio, kile kilio chenyewe cha msibani, ambacho mtu hawezi kukisikia akaendelea na shughuli zake. Kwao msiba haupitwi. Kwanza wanawake waligeuka kutoka kwenye televisheni, wakaja wakishika vichwa. Wanaume wakafuata, wakivua kofia. Wengine nina hakika hawakujua ni nani amekufa, walikuja tu kwa sababu watu wanalia, na walipofika wakakumbuka wafu wao, wakalia kweli. Nilimwona Mzee Luhende akijipangusa macho kwa kofia yake. Mwisho hata wapiga ngoma wa Bagalu walikuja, maana nani atabaki akipiga ngoma pembeni ya matanga? Televisheni ilibaki ikiwaka peke yake, na jenereta likinguruma.

Kilio kilipotulia, vijana wawili waliiteremsha nguo. Wengine, bila kuambiwa, walikuwa wameshaanza kuchimba kwa yale majembe ya kuchezea, pembeni ya uwanja. Mama Minza alinijia na nguo mikononi.

"Nguo ni yako," aliniambia, si kwa sauti kubwa, lakini watu wote walikuwa kimya. "Nilikupa neno, na sirudi nyuma. Lakini aliyekufa ni wetu, tumemlilia, na shimo lipo wazi. Amua wewe, baba. Hakuna atakayekulaumu."

Niliipokea. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka, imebeba vumbi la misimu yote ile. Nilijua kwamba nikiishusha, dunia nzima haitabaki na kitu cha Fundi Kasimu. Moyo uliniuma, kwa kweli uliniuma. Ukutani kwangu nguo ile ingetazamwa na mimi, wateja wa vibao, na mke wangu na shuka lake. Fundi alichora maisha yake yote ili watu wacheke na waogope, nao wakatoka sinema wakasahau. Sikuwahi kuona mtu akilia kwa kazi yake hadi siku ile, na waliolia walikuwa uwanja mzima.

Nikapiga goti nikaiweka shimoni mwenyewe, uso juu. Nikawa wa kwanza kutupa udongo.

Asubuhi iliyofuata Mama Minza alinifungia michembe ya safari, na Mzee Luhende akanisindikiza hadi kwenye mizani ya pamba. Njiani watu wawili walimwamkia kwa jina lake halisi, naye aliwajibu kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Nilipata lori la pamba lililokuwa likienda Maswa kwenye kinu cha kuchambulia pamba, dereva akanipa nafasi mbele.

Tulipokuwa tunapita mashamba ya mwisho ya Bariadi nilifikiri juu ya ukuta wangu wa mabango. Nilikuwa nimedhani kazi ya mkusanyaji ni kuokoa vitu visipotee. Sasa sikuwa na hakika tena. Kuna vitu vina wenyewe, na wenyewe wanajua zaidi wavifanye nini kuliko anayevitaka kwa mapenzi. Hilo nimejifunza Bariadi, na limenigharimu.

Dereva alikuwa na redio ya kaseti, na aliimba pamoja nayo kwa furaha. Baadaye aliniangalia.

"Umekaa kimya, mzee. Umekipata ulichofuata?"

"Nimekikuta. Jana tumekizika."

"Aisee, pole sana. Alikuwa nani wako?"

Niliyatazama mashamba yakipita.

"Alikuwa wa fundi wangu," nikasema. "Wa mwisho kubaki."

Dereva alinyoosha mkono akazima redio, na hakuiwasha tena hadi tulipofika Maswa.