Jeep ya Kijivu na Ufunguo Juu ya Kapo

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef hakunipa spana. Alinishika mkono, akauweka juu ya kapo, yaani kile kifuniko cha injini, ya jeep iliyokuwa ikingoja mnunuzi.

"Unasikia nini?"

"Baridi, Chef."

"Bon. Kama iko baridi, itasema kweli. Ukikuta iko moto asubuhi, ujue muuzaji ameiamusha mbele ya wewe kufika, juu ya kuficha sauti yake."

Chef alikuwa mkuu wa mafundi katika uwanja wa magari yaliyotumika, karibu na bandari ya Kisangani. Alitoka katika zile familia za Waislamu wa zamani wa mji, na hakufungua mlango wa gari lolote bila kusema bismillahi, hata gari la kuuzwa kama vyuma chakavu. Mimi nilikuwa kijana mwenye haya, mwenye shule ya msingi tu. Watu wakinitazama, maneno yalinikimbia. Kazi ya kukagua magari ilinifaa kwa sababu ilitaka mikono, pua na masikio.

Jeep kubwa za safu tatu za viti zilitufikia kwa boti za mizigo kutoka Kinshasa, au kwa barabara kutoka upande wa Bunia. Watu walizitaka kwa sababu njia ya Ubundu haihurumii gari dogo. Chef alinifundisha kulala chini ya gari na kugonga shasi, yaani mifupa ya gari. Chuma kizima hulia. Kilichooza chini ya rangi hunyamaza. Alinifundisha moshi: mweupe usiokoma ni maji yanayoingia kwenye injini, wa bluu ni mafuta yanayoungua. Lakini zaidi ya yote alinifundisha mkanda wa kiti.

"Gari iliyozama mu maji ya muto wanaisafisha mpaka inanukia sabuni," alisema. "Lakini hakuna mutu anasafisha mukanda mpaka mwisho."

Basi tulivuta kila mkanda hadi mwisho wake, tukitafuta alama ya tope.

Tulikuwa pia na desturi moja pale uwanjani. Mkaguzi aliyelikubali gari alimpa mnunuzi ufunguo mkononi. Aliyelikataa aliuweka juu ya kapo, akaondoka bila neno. Hivyo muuzaji hakuaibishwa, na wanunuzi wa mji wote walielewa. Mimi niliipenda sana desturi hiyo.

Miaka ikapita. Miguu ya Chef ilipochoka, akabaki kukaa kivulini langoni, na mimi nikawa mkaguzi. Aliyetuongoza wakati huo alikuwa Gérant, msimamizi wa uwanja, mtu wa mzaha. Ndiye aliyeleta jeep ya kijivu.

Nililala chini yake. Shasi ililia vizuri. Moshi ulikuwa safi. Lakini kila asubuhi kioo kimoja cha nyuma kilikuwa na ukungu, kwa ndani, kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyekaa. Nikadhani sponji ya kiti imelowa. Nikaibonyeza: kavu. Nikavuta mkanda wa kiti hicho. Ulitoka safi, bila tope, kisha ukaanza kurudi. Mikanda yote hurudi, ina springi. Ila springi huvuta mara moja. Huu ulivuta, ukapumzika, ukavuta tena, kama mtu anayekusanya nguvu.

"Ee, mukaguzi!" Gérant akapaza sauti. "Unavutana na nani humo?"

Mafundi wakacheka.

Siku hiyo mnunuzi alikuwa Mama Feza, mjane aliyehamia kutoka Maniema. Alikuja na mwanawe wa pekee, Saidi, ambaye angeendesha jeep hiyo na kupeleka abiria Ubundu. Nikaweka ufunguo juu ya kapo, nikaondoka.

Nyuma yangu nikasikia: "Aksanti, papa!"

Nikageuka. Mama Feza alikuwa ameuchukua ufunguo. Alikuwa mgeni, hakujua desturi yetu; aliona nimemwekea. Gérant alitazama pembeni, akitabasamu. Saidi alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Mama," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mama, hapana. Usikamate hiyo."

"Injini?"

"Injini iko muzuri."

"Boîte, gia zake?"

"Iko muzuri."

"Alors, iko na nini?"

"Iko na haya ya mukaguzi wetu!" Gérant akadakia. "Anaogopa wamama warembo."

Nikasema lile pekee nililokuwa nalo. "Iko kitu inavuta mukanda ya nyuma."

Mama Feza hakucheka. Alivua viatu, akapanda nyuma, akakaa kwenye kiti kile, akajifunga. Wote tuliona mkanda ukimkaza polepole, ukapumzika, ukamkaza tena.

"Saidi," akasema kwa upole sana, "shuka. Wewe kwanza."

Mwanawe aliposhuka, ndipo naye akafungua mkanda, akateremka. Liputa lake, kile kitenge alichojifunga, lilikuwa limelowa nyuma, maji yakidondoka vumbini. Niligusa kiti. Kikavu.

Alimrudishia Gérant ufunguo. "Hii gari iko na mutu," akasema, basi. Akachukua jeep nyingine, mbaya kwa sura, yenye kuvuja mafuta. Saidi anaiendesha hadi leo.

Kesho yake Gérant aliniagiza nimwonyeshe mtu mwingine ile ya kijivu na nifunge mdomo. Nikakataa. Akaniambia nikae kwangu. Ndivyo nilivyostaafu.

Baadaye niliuliza nani aliinunua. Gérant alisema mtu wa Yanonge. Mafundi walisema mtu wa Bangboka. Chef, aliyekuwa langoni siku zote, alisema: "Hakuna mutu alikuja. Asubuhi tulifungua, hatukuiona."

Siku hizi vijana huchagua gari kwa picha za simu. Picha haina joto wala harufu. Nilidhani kazi yangu ilikuwa kugusa na kusikiliza. Kumbe ilikuwa kusema hapana kwa sauti, na nilijifunza hilo mwishoni kabisa.

Leo asubuhi jirani yangu amenipigia simu kwa furaha. Amenunua jeep kubwa, bei nzuri, kwa mtu ambaye jina lake hakulishika. Nikamwuliza kama watoto wameshaipanda.

"Wako ndani tangu alfajiri, papa," akasema akicheka. "Hawataki kushuka."

Nikavaa viatu, nikatoka bila kunywa chai.