Mahindi ya Kuku

Kinu bado kinaunguruma mchana kutwa, lakini sauti moja haipo: shangazi akivunja punje kwa meno, kisha "ptu!" mlangoni. Ukimya wake ni kama pengo la jino; ulimi hauachi kwenda palepale.

Miaka kumi na tisa hakuna gunia lililoingia kusagwa kabla ya kupita kinywani mwake. Meno yalibaki manane, ulimi ulikuwa mzima, na haukuishia kwenye mahindi.

"Bwana wee, haya uliyavuna au uliyafukua?" angemuuliza mkulima. Kisha chaki, na ubavuni mwa gunia: YA KUKU. Gunia la namna hiyo, la mahindi yenye ukungu, halikusagwa. Mwenye kinu alimwachia alibebe kwake, naye shangazi akajiona mjanja kuliko sungura: watu wamekingwa, kuku wanashiba, ng'ombe wake wa maziwa naye hasahauliki.

Kuku wakaanza kufa. Akalaumu ugonjwa wa kideri, akalaumu jicho la jirani, hata jogoo akaambiwa ana mkosi. Mwishowe akaja bwana mifugo, mtu mpole wa viatu vya mpira, akampasua mmoja uani. Ini lilikuwa la njano, likimeguka vidoleni.

"Mama, hawa unawalisha nini?"

"Mahindi ya kuku."

"Nani kakwambia kuna mahindi ya kuku?"

"Si imeandikwa kwenye gunia."

"Kaandika nani?"

Shangazi akatazama ukuta. "Mimi."

Bwana mifugo hakucheka. Alisema ukungu huacha sumukuvu, nayo haina ladha wala haiondoki kwa kuchemshwa. Hula ini polepole, la kuku na la mtu, na hudumaza watoto. "Na ng'ombe anakula hayohayo?"

"Anayapenda."

"Basi inashuka kwenye maziwa."

Kizingitini alikaa mjukuu wa shangazi, wa miaka miwili, mfupi kuliko umri wake, midomo myeupe kwa maziwa. Shangazi alimpokonya kikombe, akamwaga. Mtoto akalia hadi akapaliwa.

Kesho yake alichimba shimo, akafukia magunia yote. Mwenye kinu alipomletea jingine, alimwambia, "Lipeleke kwa mkeo. Mimi sijui kuonja, sikuwahi kujua."

Sasa anaishi kwa binti yake, nyumba ya pili kutoka zahanati ambako mjukuu hupimwa uzito kila mwezi.