Dumuzi Ndani ya Faili la Mapishi

"Kwani wewe mpaka usome ndio upike?"

Swali hilo Fridah Nasambu aliulizwa na jirani siku alipoweka meza yake ya kwanza mjini Kitale, juu yake mafaili matatu ya mapishi. Alifungua ukurasa wa mboga ya mrenda, akamsogezea. Jirani akasoma, akaguna, kisha akauliza mbona magadi ni mengi hivyo.

Asubuhi hii Fridah, mjane wa miaka hamsini na miwili ambaye wateja humwita Mama Sifuna, anakata katoni kibandani mwake kwa kisu cha fundi viatu. Anaifunika kitenge, anatoboa matundu, anapachika vyuma vya kushikia kurasa. Kila karatasi anaivisha nailoni.

"Mtu akishika na mkono ya mafuta, anapanguza tu," anasema.

Kadi nyekundu hutangulia kurasa za nyama, kijani mboga, manjano chapati na maandazi. Juu ya jalada hubandika maua ya maganda ya mahindi yaliyotiwa rangi. Faili moja huliuza shilingi 650.

Maua hayo nusura yamfungie kazi.

Mwaka jana, kikundi cha akina mama wa kanisa huko Kachibora kilimwagiza mafaili ishirini. Maganda aliyatoa ghalani kwa kaka yake Mukhisa, kule Bumula. Gundi aliikoroga kwa unga wa mahindi, kama uji mzito. Yakapendeza kweli.

Miezi miwili baadaye, mwenyekiti wa kikundi, Gladwell Nyaguthii, aliingia kibandani na kulitupa faili lake mezani. Vumbi likamwagika, na dumuzi wakaanza kutembea.

"Mama Sifuna, uliniuzia mapishi ama chakula ya wadudu?"

Nailoni haikuwazuia. Ukurasa wa mukimo, alioachiwa Gladwell na marehemu mamake akaupachika humo, ulikuwa umetobolewa kama chujio.

"Nilisikia haya mpaka kwa mifupa," Fridah anakumbuka. "Nikasema, Mungu wangu, hata ya marehemu!"

Aliyatengeneza yote upya bila malipo. Kisha akaenda Bumula kumweleza Nasike, mke wa kaka yake. Nasike alicheka hadi akaketi chini.

"Wewe wifi! Unapikia dumuzi uji, unawatandikia na maganda, halafu unashangaa ati wamehamia? Si sisi huku tunaweka pilipili kwa mahindi?"

Tangu siku hiyo Fridah huchemsha maganda na pilipili kavu, huyaanika juu ya mabati, na hutumia gundi ya seremala.

"Sasa wateja wananicheka ati faili yangu inawasha," anasema.

Lakini Gladwell hakutaka maneno. Alichukua faili moja jipya, akalichomeka katikati ya magunia ya mahindi ghalani mwake, na kusema litakaa huko hadi watu wapande mahindi. Likiliwa, kikundi kitatafuta fundi mwingine. Na kikundi hicho, pamoja na makanisa jirani kinayoyapasha habari za kazi yake, ndicho kinacholeta nusu ya wateja wa Fridah.

"Hao wakienda, mimi nafunga," anasema. "Wasipoenda, Mungu akipenda, nitaweka meza ya pili Bungoma mjini. Nasike ako tayari kuikalia."

Watu wameshapanda. Saa tano, Gladwell anaingia, faili mkononi. Hasalimii.

Fridah anaweka kisu chini. Midomo yake inasogea bila sauti.

Gladwell anatandika gazeti mezani, analikung'uta faili juu yake. Haanguki hata mdudu mmoja. Analifungua ukurasa kwa ukurasa, anapitisha kidole kwenye kingo za jalada, anapinda maua. Mwishowe analisogeza puani, na chafya inamtoka hadi kilemba kinahama.

"Ni pilipili, mama," Fridah anasema kwa sauti ndogo. "Pole."

Gladwell anarekebisha kilemba. Anaonyesha kwa kidevu mafaili kumi mapya yaliyo kwenye rafu.

"Hayo ni ya nani?"

"Hayana mwenyewe."

"Funga."

Fridah anayafunga kwa kamba ya katani. "Asante Yesu," ananong'ona, anaketi kwenye kigoda. Gladwell anaweka noti mezani, anabeba furushi begani kama gunia, anatoka.