Wilf Garside, Fundi wa Makatazo

Ukipita Halifax, kaskazini mwa Uingereza, ukakuta kibao cha zamani kinakufokea usifanye jambo fulani, huenda kimeandikwa na Wilf Garside. Alichora vibao tangu ujana wake hadi mikono ilipoanza kutetemeka, na vingi vilikuwa vya kukataza, maana watu wa kule wanapenda kukatazana kwa maandishi. Ana kwa ana hawathubutu. Jirani akikuudhi, huendi kumgongea mlango. Unatundika kibao ukutani, unarudi ndani kunywa chai.

Wilf aliyajua maneno ya kukataza kama muuza nyanya anavyozijua nyanya zake. "Prohibited", alikuwa akisema, ni neno la serikali, nyuma yake kuna askari na faini, kwa hiyo liandikwe kwa rangi nyekundu. "Forbidden" ni la wazazi na la Mungu. Ukiliandika kwenye maegesho ya magari utachekwa. "Banned" huambiwa mlevi aliyekwisha kuvunja viti vya baa, si mgeni aliyeingia sasa hivi. Kwa mbwa na mpira, "no" tupu inatosha. Wenye hoteli hawakutaka hata moja kati ya hayo. Wao walitaka wageni waombwe kwa hisani yao wasifanye, na Wilf aliwatoza zaidi kwa sababu hisani ina herufi nyingi.

Doreen Sykes, mjane wa nyumba ya pili, hakuacha kumtania kwa kazi hiyo.

"Mji mzima unakuogopa, Wilf," alimwambia siku moja, "na paka wangu analala kitandani kwako."

Ni kweli, alilala. Kwa mdomo wake mwenyewe Wilf hakuwahi kumkataza kiumbe yeyote. Akizidiwa sana alisema, "Mimi nisingefanya hivyo," maneno ambayo kwao ni katazo kamili, ila limevuliwa viatu lisipige kelele.

Tangu mkewe afariki, Wilf alikula nyama ya kuoka ya Jumapili kwa Doreen, kila Jumapili bila kukosa. Alimpenda. Kila mtu mtaani alilijua hilo, na hakuna aliyelisema, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kunyamaza.

Vuli moja, wakiwa mezani, Doreen akamweleza kwamba binti yake aliyeko Kanada anamtaka akaishi naye moja kwa moja. Hajamjibu bado, alisema. Kisha akamuuliza Wilf anaonaje.

Wilf akajikatia kipande kingine cha nyama. Alipokimeza alisema amesikia nyumba za Kanada zina joto zuri. Wakati wa kuosha vyombo Doreen akamuuliza tena, safari hii akiwa amempa mgongo.

"Sitaki kukuzuia, Doreen," Wilf akajibu, na alijiona muungwana kupita kiasi. Mimi naona alikuwa mjinga, na nasema hivyo nikimhurumia.

Doreen akaendelea kufuta sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

Basi nyumba ikauzwa, paka akapewa mpwa wa Doreen, na asubuhi moja ya Januari teksi ikasimama nje. Wilf alimbebea sanduku, akalipakia, akabaki ameshika mlango wa gari kama mlinzi wa hoteli. Doreen hakuingia. Alimtazama usoni, jambo ambalo wawili hao hawakuwa na mazoea nalo.

"Nilisubiri uniambie nisiende," alisema. "Tangu ile Jumapili. Ungesema tu, Wilf, ningebaki."

Dereva aligeuza uso, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Nyumba ilikuwa imeuzwa, sawa, lakini ya Wilf ilikuwa na vyumba vitatu na mtu mmoja. Hata pale angeweza kusema. Alifungua mdomo, na Doreen akamngoja.

"Barabara ina barafu," Wilf alisema. "Mwambie dereva asikimbie."

Doreen akatikisa kichwa taratibu, akamwekea sawa kola ya koti, akaingia ndani ya gari. Wilf alisimama mpaka teksi ikakata kona ya kanisa. Kisha akarudi jikoni kwake, akavua kofia, na hapo, bila mtu wa kumsikia, akasema, "Usiende." Likamtoka bila taabu yoyote.