Sinia la Matanga Kwenye Theluji

Wapendwa, leo nimekutwa nimekalia sinia la kanisa juu ya theluji.

Nabandika karatasi hii hapa ukumbini msikie habari hii kwangu kwanza.

Tangu tumzike Baba Neema, mwanangu hajacheka. Asubuhi akaniomba tukateleze kilimani. Mjane kucheza, jamani? Nikaona haya. Nikatafuta kilima kisicho na watu, mabasi mawili mpaka mtaa wa Kingstanding, ng'ambo ya jiji.

Kweli, hapakuwa na mtu.

"Mama, twende wote." Peke yake hataki. Nikaketi nyuma yake kwenye sinia.

Papo hapo akatokea Mama Yona, mkubwa wetu wa akina mama, ametoka kumhudumia bibi mmoja mgonjwa.

"Hilo si sinia letu, lile la chai ya matanga?"

"Ndilo, Mama. Lilibaki kwangu."

Mimi macho chini.

Kisha akaweka mkoba wake kwenye theluji. "Haya, mshike mtoto vizuri. Nawasukuma."

Tulipofika chini Neema alikuwa anacheka, mimi nalia. Bwana asifiwe.

Mwenye neno aniambie usoni.

Sinia nimelirudisha jikoni. Limepinda ukingo. Nawaomba msilinyooshe.