Saa ya Kufunga Spaza

Ipo siku moja ya mwaka 2016 ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa mengine mengi yamenitoka. Kamati ya bunge la jimbo ilikuja ukumbini kwetu Diepsloot, huku Afrika Kusini, kutusikiliza kuhusu mswada wa maduka madogo. Mswada ulitaka kila spaza, kiduka cha mtaani kama changu, ifungwe saa kumi na mbili jioni. Wateja wangu wanafanya kazi mbali, Sandton. Wanashuka kwenye teksi, ndizo daladala za huku, saa mbili na nusu usiku, wana njaa. Kufunga mapema hivyo ni kuwauzia paka mkate.

Nilihitaji saa tatu usiku. Lakini nimekulia sokoni Tanga, na sokoni anayeanza na bei yake ya kweli hupelekwa hospitali. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Tufunge saa sita usiku." Mkalimani akatafsiri. Nikamsubiri mwenyekiti ashtuke, ateremke, nami niteremke, tukutane katikati kama watu wazima.

"Asante. Imeandikwa. Anayefuata."

Sikuondoka. "Na wewe mama, unasema ngapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkalimani akatazama viatu vyake. Jirani yangu Bi Zuhura, fundi cherehani Mzanzibari, akanivuta shati.

"Kaa chini, baba. Huyu hauzi. Anaokota maneno akawapelekee wenzake."

"Bila kupunguza?"

"Ulilosema ndilo ulilosema."

Kisha akasimama yeye, akaomba saa tatu, akaeleza habari ya teksi, akaketi. Nikamhurumia: hajui biashara.

Wiki kadhaa baadaye tukaenda mjini, tukakaa juu kwenye viti vya wageni bungeni, ambako hata kupiga makofi huruhusiwi. Nilielewa nusu, na hiyo nusu sina hakika nayo. Mtu anamjibu mwenzake lakini anaongea na Spika. Wanazomeana, halafu wanaitana waheshimiwa. Mmoja akapendekeza saa tatu, kwa hoja ya Bi Zuhura ile ile, nikaanza kutabasamu. Ndipo mwingine akainua taarifa ya kamati: "Ukiwapa saa tatu, kesho watadai saa sita! Wameshasema wenyewe, imo humu!"

Eish. Yalikuwa maneno yangu, yamevaa suti.

Wakaulizwa, wengine wakaitikia ndiyo, wengine siyo. Mimi sikusikia tofauti, Spika akaisikia. Saa tatu ikaanguka. Mwingine akapendekeza saa mbili, ikapita.

Kwa majirani Wakongo nilikuwa nimesikia kwamba juu ya bunge kuna seneti. Nikamwuliza Bi Zuhura iko ghorofa ya ngapi, nikakate rufaa. "Jimbo lina nyumba moja tu ya bunge, seneti hakuna," akasema. Nikahesabu mara mbili. Moja.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mtaka yote hukosa yote," akafungua mkoba akanipa andazi.

Basi sikia, mwanangu. Sokoni neno la kwanza hufungua mazungumzo. Mbele ya kamati huenda likawa ndilo pekee watakalolisikia kwako, na maji yakimwagika hayazoleki. Kabla hujasimama, uliza mambo yao yanakwendaje. Kuuliza si ujinga, mimi niliyekosa kuuliza ndiye niliyeaibika. Kisha omba unachohitaji, toa sababu yake, ukae.

Mungu akufungulie riziki, na ulimi wako usikufungie. Mimi kila usiku nateremsha komeo saa mbili, nusu saa baadaye naisikia teksi inasimama, na mtu anagonga mlango akiuliza mkate.